Mume wangu anataka kuuza nyumba kwa sababu unyakuo umekaribia. Nimjibuje?

"Shikamoo mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Iringa. Mume wangu ni fundi seremala, na wote tumeokoka. Tangu mwaka jana anasikiliza usiku kucha mahubiri ya mtumishi mmoja kwenye simu. Mtumishi huyo amepiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli, anasema unyakuo, yaani waaminio kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, utatokea kabla ya mwaka huu kwisha. Mume wangu amejitoa kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hataki kulipa ada ya binti yetu wa kidato cha tatu, na sasa anatafuta mteja wa nyumba tunayoishi ili atoe 'sadaka ya safari'. Anasema kitambulisho cha taifa na alama ya kidole ya kusajili laini ndiyo 666, na kwa kuwa mimi nilishajiandikisha, nitaachwa. Binti yangu akirudi shule akakuta nyumba kimya, anapiga kelele akidhani tumenyakuliwa. Je, Biblia inasema hivyo kweli? Nami nimwambieje mume wangu bila kuonekana sina imani?"

Marahaba dada yangu, amina.

Nianze na binti yako, kwa sababu hofu yake naijua. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nimetoka kisimani na ndoo kichwani, nafika nyumbani: maharage yanachemka jikoni, kanga ya mama inaning'inia kwenye kamba, mlango wazi, na hakuna mtu. Niliita mara tatu. Juma lile mhubiri alikuwa ametueleza jinsi wawili watakavyokuwa wakisaga pamoja, mmoja atwaliwe, mmoja aachwe. Nilikaa chini ukutani nikaanza kuhesabu dhambi zangu, ya kwanza ikiwa sukari niliyoilamba kwenye kopo bila ruhusa. Mama alirudi kutoka kwa jirani na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akashangaa kuona nimemng'ang'ania miguu. Sikumwambia sababu. Kwa miaka mingi baadaye nilidhani hofu ile ndiyo imani yenyewe. Sasa nafundisha Agano Jipya, na kila nikifika kwenye mafungu haya namkumbuka mtoto yule pale ukutani.

Umeuliza kama Biblia inasema hivyo. Imani kwamba Kristo atarudi ni ya Biblia, na ni ya Kanisa zima. Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani na Mpentekoste wote hukiri kwamba atakuja kuwahukumu walio hai na waliokufa. Kwa hiyo usibishane na mumeo juu ya kurudi kwa Bwana. Hapo hamna ugomvi, na ukimpinga hapo atakuona kweli umepoa. Ugomvi uko kwenye tarehe, kwenye kitambulisho, na kwenye nyumba.

Tuanze na tarehe. Hesabu za Danieli zina historia ndefu, na ni vizuri uone zinavyofanyika ili zisikutishe. Danieli 8:14 inataja "nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotakaswa." Mkulima mmoja wa Marekani, William Miller, aliyekuwa mtu mnyofu na msomaji mkubwa wa Biblia, alichukua siku hizo 2,300 akazifanya miaka 2,300, kwa kutegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, ambako siku moja inahesabiwa mwaka mmoja. Akaanza kuhesabu mwaka 457 KK, ambao aliamini ndio wa amri ya mfalme wa Uajemi kuhusu Yerusalemu. Ukitoa 457 kutoka 2,300 unapata 1843. Kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, unaongeza mmoja, unafika 1844. Wafuasi wake wakaifikisha hesabu hadi siku yenyewe: tarehe 22 Oktoba 1844. Wako wakulima walioacha mazao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, kukapambazuka, na watu wakalia. Siku ile inaitwa mpaka leo Uchungu Mkuu wa kukata tamaa. Baadhi ya walioumia walirudi kuyasoma Maandiko upya, na kutoka kwao likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililofika kwetu Upareni mwaka 1903. Kanisa hilo linahubiri kurudi kwa Yesu kwa nguvu kuliko mengi, lakini halipangi tarehe. Lilijifunza kwa machozi.

Wengine hawakujifunza. Harold Camping, mhubiri wa redio huko Kalifornia, alitangaza tarehe 21 Mei 2011. Ilipopita akasogeza hadi 21 Oktoba mwaka huohuo. Watu walikuwa wameacha kazi na kutoa akiba zao kulipia matangazo. Mwaka uliofuata aliandika kukiri kwamba kupanga tarehe kulikuwa dhambi. Septemba 2025 ikawa zamu ya mhubiri wa Afrika Kusini aliyetaja tarehe 23 na 24, video zake zikasambaa TikTok mpaka huku kwetu.

Kwa nini kila hesabu huonekana imekaa sawasawa? Mumeo ni seremala, na hili atalielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Mpe futi kamba, mwambie apime ubao, lakini umruhusu achague mwenyewe sifuri ianzie wapi, inchi moja iwe na urefu gani, na ubao ukatiwe wapi. Kila ubao utatosha kila mlango. Mpiga hesabu wa unabii ana uhuru huohuo: anachagua mwaka wa kuanzia, anaamua siku hii ni siku na ile ni mwaka, kisha anachagua tukio la kumalizia. Ndiyo maana Danieli yuleyule amezaa 1844, na 2011, na mwaka huu wa mtumishi wenu.

Watumishi wa tarehe wanalijua andiko la Mathayo 24:36, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Wana jibu tayari: "Siku na saa haijulikani, lakini mwezi na mwaka tunaweza kuujua." Hapo mfungulie Matendo 1:7. Wanafunzi walimwuliza Bwana swali hilihili, akawaambia, "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira." Majira, dada. Sisi tunaolima tunajua neno hilo lina upana gani. Halijaacha nafasi ya mwezi wala ya mwaka.

Sasa kitambulisho. Ufunuo 13 inasema mnyama atawatia watu wote chapa "katika mkono wao wa kuume, au katika vipaji vya nyuso zao," asiyekuwa nayo asinunue wala kuuza, na hesabu yake ni 666. Naelewa kwa nini mtu aliyeambiwa mwaka 2019 kwamba laini yake itazimwa asipoweka kidole alitetemeka. Huko Kenya mwaka huohuo wako Wakristo waliogomea Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, kwa sababu hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo anaogopa kumkana Bwana, na woga huo hauchekwi.

Lakini mwulize mumeo: barua hii iliandikiwa nani kwanza? Sura ya kwanza inawataja: makanisa saba ya Asia, ambayo leo ni Uturuki, yaani Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Pergamo palikuwa na hekalu la kumwabudu Kaisari tangu miaka ishirini na kitu kabla Kristo hajazaliwa. Sura ya Kaisari ilikuwa kwenye sarafu mkononi mwako, na karamu za vyama vya mafundi zilifanyika mbele ya sanamu. Fundi Mkristo wa Thiatira aliyekataa kumfukizia Kaisari ubani alijua vizuri maana ya kutouza wala kutonunua. Yohana, mwandishi wa Ufunuo, alikuwa akizungumza na watu walioitambua picha hiyo bila kufasiriwa.

Na hesabu je? Zamani Wayahudi na Wayunani hawakuwa na tarakimu kama hizi zetu. Herufi ndizo zilizokuwa namba. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana, maana abjadi wanaijua: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne. Kila jina lina jumla yake. Ukiandika "Neroni Kaisari" kwa herufi za Kiebrania unapata 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Zijumlishe mwenyewe: 666. Nero ndiye mfalme wa Rumi aliyewaua Wakristo kikatili baada ya moto wa mwaka 64. Kuna kitu kingine kinachonigusa kila nikikifundisha. Baadhi ya nakala za kale sana za Ufunuo zina 616 mahali pa 666. Ukiliandika jina hilohilo kwa namna ya Kilatini, "Nero" bila N ya mwisho, unapunguza 50, na jumla inakuwa 616. Wanazuoni wengi wanaona wanakili wale bado walimjua aliyekusudiwa.

Si wote wanaokubali kwamba habari inaishia kwa Nero. Wengi husema Nero alikuwa kivuli tu, na mpinga Kristo wa mwisho bado anakuja. Sina ugomvi nao. Irenayo, askofu wa karne ya pili, alijaribu majina kadhaa yanayofika 666, kisha akaonya kwamba ni salama kungoja unabii utimie kuliko kukisia majina. Lakini wa upande huu na wa upande ule hukutana kwenye Ufunuo 14:9: chapa inakwenda pamoja na kumsujudu mnyama na sanamu yake. Hakuna anayeipokea kwa bahati mbaya, akiwa amepanga foleni kwenye ofisi ya kata na cheti chake cha kuzaliwa. Na endelea kusoma, maana sura ya 13 ikiisha, mstari wa kwanza kabisa wa sura ya 14 unawaonyesha watu wenye jina la Mwana-Kondoo na jina la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Kwa hiyo chapa ya Ufunuo inauliza wewe ni wa nani. Dada, wewe umebatizwa na unamwamini Kristo. Alama ya kidole chako haina uwezo wa kufuta hilo.

Nije kwenye unyakuo wenyewe, maana ndio unaomliza binti. Neno limetoka 1 Wathesalonike 4:17: "tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani." Fundisho kwamba Kristo atakuja mara mbili, kwanza kwa siri kulichukua Kanisa, kisha baada ya miaka saba ya dhiki kwa utukufu, lilienezwa na John Nelson Darby, mhubiri aliyefanya kazi Ireland na Uingereza kuanzia miaka ya 1830. Likapata nguvu kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka Marekani mwaka 1909, na kwetu likafika na wamisionari, vitabu, kanda, na sasa simu. Wapentekoste wengi wanaliamini, wakiwemo walimu wangu ninaowaheshimu. Umri wa fundisho haulifanyi kuwa uongo. Ila mtu akikwambia Kanisa limeamini hivyo tangu mitume, amekosea.

Mimi huwaambia wanafunzi walitazame lile neno la Kiswahili, "kumlaki". Waliotafsiri walichagua vizuri. Mgeni mkubwa akija kijijini, mnatoka kwenda kumlaki barabarani kwa vigelegele, kisha mnamsindikiza mpaka ndani. Huwezi kumlaki mgeni halafu ukaondoka naye kurudi alikotoka. Neno la Kiyunani lililoko hapo limetumika pia kwa wanawali kumi waliotoka kumlaki bwana arusi, na kwa ndugu wa Rumi waliokuja kumlaki Paulo mpaka Soko la Apio. Wanawali wenye busara waliingia naye arusini. Ndugu wale walirudi na Paulo Rumi. Kwa hiyo naona Paulo anasema: Bwana anakuja hapa, nasi tutatoka kumpokea, waliokufa wakitutangulia. Wenzangu wanaoamini unyakuo wa siri hunijibu kwa Yohana 14, ambako Yesu anaahidi kwenda kuandaa makao na kutukaribisha kwake. Ni hoja nzito, siidharau. Lakini soma Paulo anavyomalizia mlango ule: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Aliandika kwa watu waliofiwa. Andiko linalotumika kumtia mtoto kiwewe limegeuzwa kichwa chini.

Kuhusu miaka elfu ya Ufunuo 20 sitakuchosha. Wako wanaosema Kristo atarudi kwanza ndipo aitawale, wako wanaosema, kama askofu Agostino wa zamani, kwamba anatawala sasa na elfu ni picha ya kipindi chote cha Kanisa, na wachache husema injili itaenea mpaka mataifa yapate amani, ndipo arudi. Justino Shahidi, katika karne ya pili, aliamini ile ya kwanza, na bado aliandika kwamba Wakristo wengi wenye imani safi walifikiri tofauti. Kama shahidi aliyekufa kwa ajili ya Kristo aliweza kusema hivyo, basi wewe na mumeo mnaweza kutofautiana na kulala nyumba moja.

Umwambieje sasa? Unaweza kunyamaza ukingoja mwaka uishe. Siikubali njia hiyo, kwa sababu nyumba ikishauzwa haitarudi Januari, na tarehe ikipita mtumishi atatoa nyingine. Unaweza kumkabili mbele ya ndugu zake, lakini ataaibika, na mtu aliyeaibishwa hung'ang'ania zaidi. Ningekushauri muda wa utulivu, Biblia mezani, mwanzie kwenye yale mnayokubaliana. Kisha msome pamoja barua mbili kwa Wathesalonike kwa mkupuo mmoja; hazifiki saa nzima. Atakutana na kanisa lililoambiwa kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na mtume akiwasihi wasifadhaishwe upesi, "kwa roho, wala kwa neno, wala kwa waraka unaodhaniwa kuwa ni wetu." Atakutana na watu walioacha kazi, na amri kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Ukimaliza, muulize bila ukali: huyu mtumishi anataka tufanye lile Paulo aliloamuru, au lile alilolikataza? Na umuulize sadaka ile inahitajika kwa kazi gani kama safari ni mwaka huu. Usimjibie. Mwache alale na swali.

Wakati huohuo linda nyumba, leo, bila kungoja akubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yoyote usiyoielewa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umwambie kwamba hujaridhia, maana wauzianaji wengi hupitia kwake, na uombe msaada wa kisheria ujue namna ya kuweka zuio. Kufanya hivyo si kumgeuka mumeo. Ada ya binti nayo itafute kwa njia yoyote uliyonayo.

Mchungaji wenu ajue, na ikiwezekana amtembelee mumeo kwenye karakana, wawili tu, badala ya kumwita ofisini. Lakini kuna hali zinazovuka uwezo wa mchungaji. Kama mumeo halali siku kadhaa mfululizo, anasikia sauti zinazomwamuru, au hali chakula wala hanywi maji, mpelekeni hospitali, na maombi yaendelee hukohuko. Kama mtumishi ataanza kuagiza watu waache dawa, wafunge bila maji, wawatoe watoto shule, wakate mawasiliano na ndugu, au wahamie mahali pamoja kungoja, hapo usijadili tena. Chukua watoto uende kwa ndugu zako, na utoe taarifa polisi na ustawi wa jamii. Namba 116 ya watoto hupigwa bure. Sisemi haya kukutisha. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya waliongojea mwisho waliteketea katika jengo walimokuwa wakisali. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, wakiwemo watoto wengi. Wale nao walianza kwa kusikiliza mahubiri, wakaacha shule, wakauza mali. Ngazi zake zinafanana na hizi ulizoniandikia, na mumeo ameshakanyaga mbili.

Binti asingoje mpaka wazazi wapatane. Mwambie wazi kwamba hofu yake umeisikia na si ujinga. Someni pamoja ule mlango wa nne wa Wathesalonike, umwonyeshe neno "farijianeni" kwa kidole. Kisha mkubaliane jambo dogo: ukitoka, ufunguo uache kwa jirani yuleyule kila siku, na karatasi mezani inayosema umeenda wapi na utarudi saa ngapi. Mama yangu angefanya hivyo siku ile ya chumvi, ningeteremsha ndoo na kukoroga maharage. Akipenda kuuliza lolote, aniandikie mwenyewe, nitamjibu.